Mpima wa Jiwe la Wenyewe

Ukimuuliza kisima kiko wapi, hakunyoosha mkono. Alisema, "Hatua mia mbili na kumi, halafu kata kulia hatua arobaini, kama una miguu ya kawaida." Kisha aliitazama miguu yako. Mimi alinikadiria siku ileile niliyofika kijijini na baiskeli na sanduku la bati, nimepangiwa kazi ya afya.

"Wewe Bwana Afya una hatua fupi," alisema. "Kwako kisima kiko mbali zaidi."

Watu wote walimwita Mpima. Jina lake la kuzaliwa nililiona mara moja tu, kwenye kadi ya hospitali, na sioni sababu ya kuliandika hapa kwa kuwa hata mkewe hakulitumia. Alikuwa amewafanyia kazi wapima ardhi wa serikali ya mkoloni kwa miaka mingi, akiwashikia mnyororo na kuwachongea vigingi, toka Lindi mpaka Newala. Walipomwachisha alirudi pwani, kijijini kwetu, kusini ya Mtwara, mahali ambapo mvua zikikolea bara bahari hugeuka kahawia kwa maji ya Ruvuma. Tulipakana nyumba kwa miaka kumi na miwili hivi, kuanzia muda mfupi baada ya Uhuru. Ninayoyaandika niliyaona mwenyewe au niliambiwa na aliyeyaona. Penye uvumi nitasema ni uvumi.

Alipima kila kitu, na zaidi mashamba ya mikorosho. Watu walimwamini kuliko walivyoiamini ofisi ya wilaya. Siku moja ndugu wawili walimwita, wanagombea mkorosho ulioota mpakani. Alipima mara tatu, akaketi, akavua kofia.

"Mti umesimama juu ya mstari," alisema. "Kila mtu aokote korosho za upande wake."

"Na upepo ukivuma?" aliuliza mkubwa.

"Upepo ukivuma niiteni, nitaupima nao."

Lakini mtu huyuhuyu kwenye bao aliiba kete bila haya. Mkono wake ulipopita juu ya shimo, kete moja ilikuwa imekwisha kuhama. Mkewe, mama mnene mwenye sauti ya upole, alisema mbele yetu, "Huyu ukweli anawapimia watu wa nje. Nyumbani analeta makadirio." Mpima alicheka mpaka akakohoa.

Alikuwa mtu wa kuchoka. Sijui kama niseme alizaliwa hivyo au kazi ndiyo iliyomfanya. Alipokaa chini aliguna, aliposimama aliguna, na ulipomsalimu asubuhi, "Umeamkaje, mzee?" alijibu, "Nimeamka kwa shida, lakini nimeamka." Alisema amepima nchi nzima ya kusini kwa miguu na hana hata pembe moja ya nchi hiyo iliyoandikwa jina lake. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Kitu kimoja tu hakikumchosha, nacho ni Jiwe la Wenyewe.

Jiwe hilo limesimama peke yake mbele ya ufuko wetu, kama mita themanini kutoka nchi kavu. Mpima angenisahihisha: themanini na tatu. Ni jiwe la tumbawe, limeliwa na maji kwa chini hata limekuwa na umbo la uyoga, na juu ni tambarare, eneo la kutosha viwanja viwili vya nyumba. Maji yakitoka unalifikia kwa miguu juu ya mchanga mgumu. Yakijaa, halifikiki. Upande wa kusini kuna ufa unaopandika kwa mikono na magoti, na ukitokeza juu unakutana na ukuta wa mawe yaliyopangwa, wenye kimo cha kiuno, umezunguka upande unaotazama nchi kavu. Una mlango mmoja, mwembamba, wa kupita mtu mmoja tena ubavu ubavu. Ndani ya ukuta kuna duara mbili za mawe ardhini, mahali zilipokaa nyumba, lundo la makome yaliyopauka, na vigae vya vyungu.

Nani alijenga? Ukiwauliza watu wa kijijini walisema, "Wenyewe." Wenyewe ni akina nani? "Wenyewe hawapo." Habari ikaishia hapo. Lakini desturi ilikuwepo na ilishikwa: kabla ya kupanda ule ufa unapiga hodi mara tatu, unangoja, kisha unapanda. Na huteremki na kitu, hata kome. Nilimwona mwanamke mtu mzima akirudi nusu ya mchanga, maji yanaanza kujaa, kwenda kurudisha kigae ambacho mwanawe alikitia mfukoni.

Mpima alipiga hodi kama wengine. Tofauti yake ni kwamba alipofika juu alitoa daftari. Alichora ukuta ule, akauchora tena. Jambo lililomshika ni kwamba haukuwa na chokaa hata chembe.

"Magofu ya Mikindani yana chokaa," aliniambia tukiwa tumekaa juu kule. "Wenye chokaa wana makaburi, wana majina, wana wajukuu wanaogombea minazi. Hawa ni wa kabla ya chokaa. Hakuna aliyebaki hata wa kuwagombania."

Na jambo la pili: ukuta uligeukia nchi kavu. Upande wa bahari hapakuwa na kitu. Mpima aliiogopa bahari. Hakuwahi kuingia maji ya kupita magoti, na akiwa juu ya jiwe aliangalia nyuma kila mara kuona kama maji yameanza. Kwa hiyo aliwastaajabia watu wale. "Waliona bahari ni nafuu kuliko jirani," alisema. "Hebu fikiri, Bwana Afya. Ni jirani gani huyo?"

Mwaka mmoja, katika miaka ya mwanzo, alikuja mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Dar es Salaam. Alikaa juu ya jiwe muda wa maji kutoka na kurudi, hakuzidisha. Aliokota vigae, akavitazama, akavirudisha palepale, akasema mahali pale ni pa zamani sana na pasiguswe kitu mpaka atakaporudi na vifaa. Akaondoka. Hakurudi. Mpima aliyachukua maneno yale kama barua ya ajira. Hakuna aliyemlipa wala kumwagiza zaidi ya hapo, lakini tangu siku hiyo alikwenda jiweni kila bamvua, maji yanapotoka mbali, akahesabu kilichoanguka, akakirudisha.

"Amesema atarudi lini?" nilimuuliza, mwaka wa nne au wa tano.

"Hakupima," alijibu.

Mtu pekee aliyemsaidia kufikiri juu ya jiwe alikuwa Bi Atuna, mfinyanzi, mjane, aliyekaa kitongoji cha mtoni karibu na mikoko. Ulimi wake ulikuwa kisu. Mpima alimpandisha jiweni siku moja akaangalie vigae. Mimi nilikuwepo. Bi Atuna alichukua kimoja chenye mistari ya mshazari, akakigeuza, akapitisha kidole gumba ndani ya mistari.

"Huyu alikuwa wa mkono wa kushoto," alisema.

"Umejuaje?"

"Mistari inalala upande ambao mkono wangu haulali. Na alikuwa na haraka. Chungu hiki hakukipenda." Akakirudisha chini. "Sasa andika, Mpima. Si ndiyo kazi yako, kuandika kazi za wenzio?"

Mpima aliandika. Nililiona lile daftari baadaye. Chini ya mchoro wa kigae ameandika kwa herufi zilizonyooka za wapima ardhi: *mwanamke, mkono wa kushoto, haraka*. Kwa nini mwanamke, nilimuuliza, wakati Bi Atuna hakusema. Alisema, "Aliyesema ni mwanamke. Inatosha."

Vita vya ng'ambo ya Ruvuma vilipokolea, watu wa Msumbiji walivuka kwa makundi, na ndege za Wareno zikawa zinapita juu yetu. Tulichimba mahandaki nyuma ya nyumba. Kazi yangu ikageuka kuwa kuwasihi watu wasigeuze mahandaki kuwa vyoo. Asubuhi moja ndege ilishuka chini sana, na wanawake waliokuwa wakiokota kome waliona nchi kavu ni mbali, wakapanda jiweni, wakalala nyuma ya ukuta ule mpaka sauti ikaisha. Hakuna aliyeumia. Jioni Mpima aliwauliza wamelala wapi hasa, na wapi kichwa, wapi miguu. Wanawake walimwona amechanganyikiwa. Alikuwa anataka kujua ukuta ule unaficha watu wangapi. Ulificha kumi na moja.

Ulipofika mwaka wa kuhamia vijijini, vitongoji vyote viliamriwa kukusanyika mahali pamoja, sehemu ya juu ya kijiji chetu. Nyumba za kuhamishwa zilipaswa kuandikwa namba, ili malori yajue yanaanza wapi. Serikali ya kijiji ilimtafuta mtu mwenye mwandiko unaosomeka kwa mbali. Wakampa Mpima brashi na madebe mawili ya rangi nyekundu.

Aliifanya kazi hiyo kwa uangalifu uleule. Namba zake zilikuwa nzuri, zimenyooka, zote kimo kimoja. Nyumba ya Bi Atuna ilipata arobaini na moja. Nilipita na baiskeli wakati anamalizia ile moja.

"Umeniandika kama mbuzi wa mnada," Bi Atuna alimwambia.

"Ni kazi, Bi Atuna."

"Najua ni kazi. Hata mchinjaji ana kazi."

Mpima alisogea nyuma hatua tatu, akatazama kama namba imekaa sawa. Nasikitika kusema kwamba ilikuwa imekaa sawa, na kwamba nami niliisifu.

Bi Atuna hakuhamia kijiji kipya. Tanuri lake la kuchomea vyungu lilikuwa mtoni, udongo wake ulikuwa mtoni, na kule juu kwenye kijiji kipya palikuwa mchanga mtupu. Alifunga mzigo akaenda kwa binti yake, Mpapura, bara. Nyumba arobaini na moja ilibomolewa siku ya pili.

Rangi ilibaki karibu debe zima. Mpima aliniambia atafanya nayo nini. Nakumbuka vizuri alivyoniambia, maana ndipo kosa langu linapoanzia. Tulikuwa tumekaa barazani kwake. Alisema amepata ngiri, anatakiwa hospitali ya mkoa kupasuliwa, na pengine hatarudi. Alitaka kuyaandika namba mawe makubwa ya ukuta, moja moja, na kuziandika namba hizohizo kwenye mchoro, ili jiwe likianguka naye hayupo, mtu yeyote anayejua kusoma alirudishe mahali pake. Alimaliza kazi hiyo kwa bamvua mbili. Kisha akaenda Mtwara.

Wakati huo mimi nilikuwa nalilia zahanati. Mwaka mzima nilikuwa nimekisumbua kijiji kuhusu zahanati. Wanawake walikuwa wakijifungulia njiani kwenda Mtwara, juu ya mkokoteni au juu ya baiskeli, na wawili walikuwa wamenifia mikononi. Saruji ilifika kabla ya mawe. Kuchimba mawe ya msingi katika mwamba wetu ni kazi ya mtaimbo, na mtaimbo wa kijiji ulikuwa mmoja, umepinda. Mvua zilikuwa karibu. Kila asubuhi nilikwenda kugusa mifuko ya saruji kuona kama imeanza kuganda.

Jumamosi ya kazi za kujitolea nilitoka kukagua kisima, nikakuta mstari wa watu kutoka ufukoni mpaka kwenye kiwanja cha zahanati. Wanawake walikuwa na mawe kichwani juu ya kata, wanaume wawili wawili na mawe makubwa juu ya miti. Wanaimba. Mwenyekiti wa kijiji alisimama pembeni na kipande cha karatasi.

"Bwana Afya, mawe yako hayo!" alisema. "Umelia mawe, mawe, leo lala usingizi."

"Yametoka wapi?"

"Kwa Wenyewe."

"Na Wenyewe wamekubali?"

Alicheka, na waliokuwa karibu wakacheka. "Kwani hukuona namba? Yameandikwa yote. Rangi ileile, mkono uleule. Serikali imeshapiga hodi kwa niaba yetu. Wenyewe nao wamehamishwa."

Nilitazama jiwe lililokuwa likishushwa mbele yangu. Lilikuwa na namba kumi na saba, nyekundu, nzuri, imenyooka. Walikuwa wameyatoa kwa mpango, kuanzia moja, na mwenyekiti aliyahakiki kwenye karatasi yake yalipofika. Watu ambao wasingechukua kome moja kutoka kule walikuwa wamebomoa ukuta mzima bila hofu, kwa sababu mwaka ule kila kilichoandikwa namba nyekundu kilibomolewa, na hakuna aliyeulizwa.

Fundi alikuwa amekwisha kuchanganya. "Semeni haraka," alisema. "Saruji yangu inakauka."

Sikusema kitu. Mimi peke yangu katika kiwanja kile nilijua namba zile zilikuwa za nini. Nilifikiri juu ya wale wanawake wawili, nikafikiri juu ya mvua, na nikasema moyoni kwamba ukuta umekwisha kubomoka, kusema sasa hakuurudishi. Hayo yote yalikuwa kweli. Fundi alilitandikia saruji yake jiwe la kumi na saba.

Mpima alirudi baada ya wiki tatu, amekonda, anatembea ameshika chini ya tumbo. Hakuna aliyemwambia. Alingoja bamvua akaenda jiweni mwenyewe, akarudi kabla maji hayajagusa mchanga. Alipita nyumbani kwangu bila kunisalimu, akaenda moja kwa moja zahanati. Kuta zilikuwa zimefika madirishani. Msingi ulikuwa bado haujapigwa lipu, na namba zilionekana pande zote, nyingine zimelala, nyingine kichwa chini, sitini karibu na tatu. Alizisoma kuanzia pembe ya mashariki mpaka akarudi palepale. Watu waliacha kazi. Kila mtu alingoja apige kelele.

"Kumi na tisa umeipindua," alimwambia fundi.

"Mzee, jiwe halina kichwa."

"Hili lilikuwa nacho," alisema, akaenda zake.

Mkewe aliniambia kwamba mumewe alilia siku mbili na hakula. Mimi sikuona. Nilichoona ni kwamba hakwenda tena jiweni, na watu walipomwita kupima mashamba alisema macho yamechoka, waende ofisi ya wilaya. Kete za bao hakuziiba tena. Wenzake walisema hilo ndilo lililowatia wasiwasi zaidi.

Zahanati ilifunguliwa. Watoto walizaliwa mle, wakazaliwa salama, wengi. Siandiki hili ili kujitetea. Naliandika kwa sababu lilitokea.

Mwaka uliofuata nikapewa uhamisho kwenda Mpapura. Siku mbili kabla ya kuondoka nilimkuta Mpima kwenye benchi la zahanati, katikati ya akina mama na watoto, anangoja dawa ya kifua kama watu wote. Lipu ilikuwa imekwisha kufunika msingi. Nilikaa kando yake. Nilikuwa nimebeba jambo lile muda wa kutosha, nikaona nikiondoka nalo litanilemea njia nzima.

"Mzee," nilisema, "siku ile ya mawe mimi nilikuwepo. Niliziona namba. Nilijua. Sikuwazuia."

Alikohoa, akangoja kikohozi kiishe. "Nilijua kwamba ulijua," alisema. "Nilikuambia mwenyewe barazani. Ulidhani nimesahau?"

"Mbona hukunilaumu?"

Mtoto mmoja alikuwa amemshika goti, anajaribu kusimama. Mpima alimshikilia kwa kidole.

"Nikulaumu kwa mkono gani?" alisema. "Mimi niliandika namba nyumba za watu niliokula nao. Watu wazima, wana vyungu motoni. Nikaandika, nikarudi nyuma, nikatazama kama imekaa sawa. Usiku nililala. Yakaja mawe ya watu ambao hata Mungu labda amewasahau, nikalia siku mbili. Mke wangu alidhani nalilia mawe. Nilikuwa najionea haya, Bwana Afya. Machozi yangu yalikosea nyumba."

Muuguzi alimwita, naye akamwonyesha kwa kidevu mama wa yule mtoto, atangulie.

"Unakwenda Mpapura," aliendelea. "Bi Atuna yuko huko."

"Nitamfikishia salamu. Nimwombe radhi kwa niaba yako?"

"Hapana. Radhi ya kutumwa ni kama kipimo cha kuambiwa. Mwulize tu nyumba yake mpya ina upana gani, mlango umeelekea wapi, na anafinyangia wapi. Kisha uniandikie."

Mpapura nilimkuta Bi Atuna katika wiki ya kwanza, nyuma ya nyumba ya binti yake, katika kijumba cha udongo alichojijengea. Hapakuwa na vyungu. Alisema udongo wa huko unapasuka. Nilimweleza nilichotumwa, swali kwa swali. Alisikiliza akichambua mchicha.

"Anataka upana?"

"Ndiyo, Bi Atuna."

"Na mlango umeelekea wapi?"

"Ndivyo alivyosema."

Alichambua majani mengine mawili matatu. "Mwambie sijui kupima," alisema. "Anayejua ni yeye. Aje."

Niliyaandika maneno hayo kama yalivyotoka, nikatia barua kwenye gari la kwanza la kwenda Mtwara. Hakujibu. Mvua zilikuwa zimeanza nilipomwona akishuka kwenye lori lililokuja kuchukua korosho, ameshikwa mkono na utingo, anaguna. Hakuuliza nyumba yangu. Aliuliza ya Bi Atuna, nikampeleka. Kila baada ya miti michache alisimama kupumua.

Bi Atuna alikuwa akitwanga chini ya upenu. Alimwona tangu mbali, hakuacha kutwanga. Mpima alisimama nje ya upenu, mvua ikimlowesha mabega, akavua kofia, akafungua mdomo.

"Usinipe maneno, nimechoka nayo," alisema Bi Atuna. "Anza na jikoni. Panavuja."